Safari ya Pamoja Katika Mgunda Mkali: Njia ya Misafara Kupitia Singida, Kutoka 1857 Hadi Leo

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya kusafiri katika sehemu ya kusini ya Mkoa wa Singida, iliyojulikana katika karne ya 19 kwa jina la Mgunda Mkali. Sehemu hiyo ilikuwa kiungo kati ya Ugogo na Unyamwezi katika njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Maandishi mengi kuhusu njia hiyo yamejengwa juu ya majina ya viongozi wa misafara ya Kizungu na juu ya miji ya mwanzo na mwisho wa safari. Makala haya yanadai kwamba kilichowavusha watu katika Mgunda Mkali ni ujuzi wa kusafiri pamoja, yaani maarifa ya maji, mpangilio wa msafara, utani na wajibu wa mtu kwa mwenzake. Aidha, yanaonesha jinsi reli na barabara zilivyobadili nafasi ya miji ya njiani, hususan Kilimatinde, na yanajadili namna njia yenyewe inavyoweza kutazamwa kama urithi.

1.0 Utangulizi

Msafiri anayetoka Dodoma kwenda Tabora kwa barabara leo hupita Bahi, hupanda ukingo wa Bonde la Ufa, hufika Manyoni, kisha hushika uelekeo wa magharibi kupitia Itigi, Chaya na Nyahua. Kati ya Manyoni na Tabora kuna takribani kilomita 260 za lami, ambazo vipande vyake vya mwisho vilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 2020. Akisafiri na marafiki katika gari dogo, mtu huyo anaweza kunywa chai ya asubuhi Manyoni na kula chakula cha mchana Tabora. Njiani ataona miamba mikubwa ya matale, misitu ya miombo, na vichaka vizito vya Itigi vinavyoanza karibu kabisa na bega la barabara. Huenda asijue kwamba amevuka eneo lililoogopwa kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya safari ya bara.

Katikati ya karne ya 19, eneo hilo lilivukwa kwa miguu, kwa zaidi ya wiki moja ya mwendo, na mtu aliyelivuka peke yake alikuwa na nafasi ndogo ya kufika. Swali linaloongoza makala haya ni jepesi kuuliza: watu walivukaje? Jibu lililozoeleka hutaja ujasiri wa akina Richard Burton, John Hanning Speke na Henry Morton Stanley, kwa sababu wao ndio walioandika vitabu. Hata hivyo, vitabu hivyohivyo, vikisomwa kwa uangalifu na kuwekwa sambamba na simulizi za Waswahili wenyewe, vinatoa jibu tofauti.

Simulizi hizo za Kiswahili zipo. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliacha tawasifu iliyochapishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Selemani bin Mwenye Chande alisimulia safari yake ya bara katika mkusanyiko wa Carl Velten uitwao Safari za Wasuaheli (1901). Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo naye aliandika kuhusu desturi za safari katika Desturi za Wasuaheli (1903). Kwa upande wa wanahistoria wa karibuni, Stephen Rockel (2006) amewatazama wapagazi kuwa wafanyakazi wenye ujuzi na utamaduni wao. Makala haya yanafuata mwelekeo huo, ila yanaubana katika sehemu moja ya njia, yaani Singida.

2.0 Mahali na Majina Yake

Neno mgunda katika Kinyamwezi lina maana ya shamba. Mgunda Mkali, basi, ni shamba kali. Jina hilo lilitolewa na watu waliolipita, nalo lilibeba onyo ndani yake. Ukali uliokusudiwa haukuwa wa wanyama wala wa vita peke yake, bali hasa wa ukosefu wa maji. Mashariki ya Mgunda Mkali kulikuwa na Ugogo, ambako maji na nafaka vilipatikana kwa kulipia hongo kwa watemi. Magharibi yake kulikuwa na Tura, mlango wa Unyamwezi. Kati ya pande hizo mbili palikuwa na pori na vichaka, na mito isiyotiririka kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Ramani ya eneo hilo haikuwa katika karatasi. Ilikuwa katika majina. Vituo vilivyotajwa na wasafiri wa karne ya 19 ni pamoja na Mdaburu, Jiweni, Mgongo wa Tembo, Jiwe la Mkoa na Jiwe la Singa. Ni dhahiri kwamba mengi ya majina hayo yanahusu mawe. Jambo hilo si la bahati. Miamba ya matale, ambayo ndiyo sura ya nchi ya Singida hadi leo, huonekana kutoka mbali juu ya vichaka, na hivyo ilikuwa alama ya kuelekezea mwendo. Zaidi ya hayo, mashimo na nyufa za miamba huhifadhi maji ya mvua kwa muda baada ya mito kukauka. Aliyejua jina la jiwe alijua pia pa kulala na, katika msimu mzuri, pa kunywa. Kwa hiyo orodha ya majina aliyoikariri kiongozi wa msafara ilikuwa orodha ya uhai.

Ni vyema kusisitiza kwamba Mgunda Mkali haukuwa mtupu. Katika karne ya 19 Wakimbu waliingia na kukaa humo, wakafyeka sehemu za pori, wakachimba visima na kulima nafaka, sehemu ya nafaka hiyo ikiuzwa kwa misafara. Burton, aliyepita mwezi Oktoba 1857, aliona mabadiliko hayo na kuyaandika. Kaskazini zaidi waliishi Wanyaturu, wanaojiita Arimi, na mbele yao Wanyiramba. Katika miaka ya 1870 mtawala Nyungu ya Mawe aliunganisha sehemu kubwa ya Ukimbu kwa nguvu ya askari wake walioitwa rugaruga, na hadi alipofariki mwaka 1884 msafara uliopita Mgunda Mkali ulilazimika kumhesabu. Nafasi yake ilirithiwa na binti yake, Mgalula. Kwa maneno mengine, njia ilikuwa na wenyewe.

3.0 Msafara Kama Jumuiya

Msafara wa Wanyamwezi haukuwa mkusanyiko wa watu waliokutana kwa bahati. Mbele alitangulia kirangozi, mtu aliyejua njia na aliyeaminiwa na wenzake, akiwa amevaa vazi la kumtofautisha na kichwani manyoya. Nyuma yake walifuata wabeba pembe, kisha wabeba nguo, shanga na nyaya, kisha mizigo midogo. Wanyapara walisimamia makundi. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa karibu frasila 2, yaani zaidi ya kilo 30, mbali na silaha yake, mkeka wake na chakula chake. Wanawake wengi walifuatana na waume zao, wakibeba vyungu na vibuyu na kupika kambini. Rockel ameonesha kwamba kuwapo kwao kuliifanya kambi iwe makazi yanayohama, wala si kituo cha kazi tu.

Ndani ya kambi watu waligawanyika katika vikundi vidogo vya kula pamoja. Mmoja alitafuta kuni, mwingine maji, mwingine alikata miti ya kujengea banda, na mwingine alipika. Aliyeugua, mzigo wake ulijulikana utachukuliwa na nani. Utaratibu huu ndio uliomwezesha mtu kuvuka Mgunda Mkali, na hakuna sehemu unapoonekana wazi zaidi kuliko katika mbinu ya mwendo iliyoitwa telekeza.

Katika siku za kawaida msafara uliondoka alfajiri na kupiga kambi kabla jua halijawa kali. Palipokuwa na umbali mkubwa kati ya maji na maji, utaratibu huo ungeua watu. Hivyo watu walipika na kula mapema, wakajaza vibuyu, wakaondoka baada ya adhuhuri na kutembea hadi jioni. Walilala mahali pasipo maji, wakitumia yale ya vibuyuni tu. Alfajiri waliondoka tena, na kabla ya joto la siku ya pili walikuwa wamefika kisima kinachofuata. Kwa njia hiyo, siku moja isiyo na maji iligawanywa katika nusu mbili zenye ubaridi wa jioni na wa asubuhi. Hesabu hii ilihitaji mtu anayejua kwa hakika umbali, msimu na hali ya kisima kilichoko mbele. Ilihitaji pia nidhamu ya pamoja, kwa kuwa aliyemaliza kibuyu chake jioni aliwategemea wenzake usiku.

Uhusiano wa utani nao ulikuwa nyenzo ya safari. Utani kati ya Wanyamwezi na watu wa pwani na mrima, kama Wazaramo, umehusishwa na wataalamu wa historia na mkutano wao katika biashara ya misafara. Mtani alikuwa na ruhusa ya kutania, kudai chakula na kukemea bila kuleta ugomvi, na alikuwa na wajibu mzito wa kushughulikia maziko ya mtani wake. Kwa mtu aliyekuwa mwendo wa miezi mingi kutoka kwao, wajibu huo ulikuwa na uzito halisi. Ulimhakikishia kwamba akifa njiani asingeachwa bila wa kumzika. Utani ulimpatia ndugu mahali ambapo hakuwa na ndugu.

Pamoja na hayo, picha hii haipaswi kupambwa kupita kiasi. Njia hiyohiyo ilipitisha watu waliofungwa minyororo, ambao hawakuchagua safari wala wenzao wa safari. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyekwenda pwani kwa ujira na kurudi na nguo za kujengea maisha yake alitembea katika vumbi moja na mateka aliyepelekwa kuuzwa. Historia ya njia inayomtaja mmoja na kumsahau mwingine haijakamilika. Tofauti kati yao inasaidia kueleza maana ya kusafiri pamoja, kwani usiri, mgawo na wajibu viliwahusu wale waliokuwa na uwezo wa kudai haki yao ndani ya msafara. Mateka alitembea kati ya watu wengi, lakini mbele ya haki hizo alikuwa peke yake.

4.0 Walioandika na Walioongoza

Burton na Speke walianza safari kutoka Kaole, karibu na Bagamoyo, mwezi Juni 1857, wakafika Kazeh, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba mwaka huohuo. Waliondoka wakiwa wenzi wa safari, na miaka michache baadaye wakawa mahasimu wa hadharani kuhusu chanzo cha Mto Nile. Ugomvi wao umeandikiwa vitabu vingi. Aliyekuwa pamoja nao na ambaye habari zake zimeandikwa kwa uchache zaidi ni Sidi Mubarak Bombay.

Bombay alizaliwa katika nchi ya Wayao, akatekwa utotoni, akauzwa na kupelekwa India, kisha akarudi Zanzibar akiwa mtu huru. Alisafiri na Burton na Speke mwaka 1857, na Speke na James Grant mwaka 1860, na Stanley mwaka 1871, na Verney Lovett Cameron mwaka 1873. Kwa kuhesabu safari hizo za kwenda, pamoja na kurudi pwani baada ya safari ya kwanza, alivuka Mgunda Mkali angalau mara tano. Hakuna hata mmoja wa waajiri wake aliyeufahamu mkondo huo wa njia kwa kiasi hicho. Mzungu alipofika Mdaburu kwa mara ya kwanza, Bombay alikuwa akirejea mahali anapopajua.

Safari ya Speke na Grant inaonesha kilichotokea pale mpangilio wa pamoja ulipovunjika. Mwishoni mwa mwaka 1860 msafara wao ulikwama katika Mgunda Mkali kwa sababu ya mvua na njaa, na sehemu kubwa ya wapagazi ikatoroka. Walifika Kazeh Januari 1861 baada ya kuomba msaada wa wapagazi wengine. Speke aliandika tukio hilo kama usaliti. Likitazamwa kwa upande wa mpagazi, lina sura nyingine. Mkataba wa safari ulikuwa wa pande mbili, na posho ya kila siku, ambayo kwa desturi ilikuwa kibaba cha nafaka, ilikuwa sehemu yake. Kiongozi aliyeshindwa kulisha watu wake alikuwa amekwisha kuuvunja mkataba kabla wao hawajatua mizigo. Kutoroka, kwa maana hiyo, kulikuwa hukumu ya wapagazi juu ya uongozi.

Mfano wa kinyume ni wa miaka 1873 na 1874. David Livingstone alipofariki katika nchi ambayo leo ni Zambia, watu wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliubeba mwili wake hadi Unyanyembe na kutoka huko hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Hapakuwa na bwana mkubwa wa kuwalazimisha, kwa kuwa bwana mwenyewe ndiye aliyekuwa mzigo. Msafara huo ulifika kwa sababu ujuzi na uongozi vilikuwa mikononi mwa wasafiri wenyewe.

5.0 Kuiacha Njia: Muhalala Hadi Vinyata, 1875

Tukio zito zaidi la kipindi hiki katika ardhi ya Singida lilitokea Januari 1875. Stanley, katika safari yake ya pili, aliongozana na vijana watatu Waingereza: ndugu wawili Frank na Edward Pocock, na Frederick Barker. Badala ya kufuata njia kuu ya kwenda Tabora, aliamua kukata kaskazini-magharibi kuelekea Ziwa Viktoria. Aliiacha njia ya misafara katika eneo la Muhalala, Manyoni ya leo, akaingia katika vichaka ambavyo viongozi wake hawakuvijua.

Matokeo yalikuja haraka. Msafara ulipotea njia, chakula kikaisha, na watu kadhaa wakafa kwa njaa na uchovu. Stanley alituma kikundi kwenda Suna, katika nchi ya Wanyaturu, kutafuta nafaka, na wakati wa kusubiri alipika uji wa unga wa shayiri ndani ya sanduku la bati ili kila mtu apate kidogo. Walipofika Chiwyu, Edward Pocock alifariki kwa homa. Siku chache baadaye, Kaif Halleck, mtu aliyewahi kubeba barua za Livingstone, aliuawa baada ya kubaki nyuma akiwa mgonjwa. Katika eneo la Vinyata yalizuka mapigano kati ya msafara na wenyeji yaliyodumu siku kadhaa. Zaidi ya watu 20 wa msafara walikufa. Stanley aliamuru vijiji vichomwe moto.

Habari zote hizi zimetoka kwa Stanley, aliyekuwa upande mmoja wa vita. Aliwahesabu na kuwataja watu wake. Wanyaturu waliokufa hawakutajwa kwa majina, na sababu zao za kupigana zimeelezwa na adui yao. Kwa hiyo mwanahistoria hana budi kuuliza swali ambalo kitabu hakikuuliza: watu wa Vinyata waliona nini? Waliona mamia ya watu wenye bunduki, wenye njaa, wakiingia kutoka upande usiozoeleka. Katika njia ya misafara kulikuwa na taratibu za kukutana, zikiwamo hongo, zawadi, soko la nafaka, watani, na viongozi waliofahamika kwa sura. Nje ya njia hiyo taratibu hizo hazikuwapo, au hazikuwa zimejengwa bado.

Hapa ndipo hoja ya makala haya inapodhihirika. Tofauti kati ya Mdaburu na Vinyata haikuwa ya ukarimu wa kabila moja na ukatili wa jingine. Ilikuwa tofauti kati ya mahali palipokuwa na makubaliano ya kusafiri na mahali pasipokuwa nayo. Njia haikuwa tu mstari wa nyayo uliokatwa ardhini. Ilikuwa pia mkusanyiko wa makubaliano yaliyojengwa kwa miaka mingi kati ya wapitaji na wenyeji. Stanley alibeba bunduki, nguo na shanga, lakini makubaliano hayo hayakuweza kubebwa.

6.0 Boma, Reli na Barabara

Utawala wa Wajerumani uliijua thamani ya njia hii. Katika miaka ya 1890 walijenga boma Kilimatinde, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, mahali ambapo mtu husimama na kuona uwanda wa Bahi ukienea chini yake hadi upeo wa macho. Mahali hapo palichaguliwa kwa sababu ya njia. Misafara iliyotoka Ugogo ilipanda ukingo huo kabla ya kuingia Mgunda Mkali, na aliyeshika Kilimatinde alishika mlango. Kwa muda mfupi Kilimatinde ikawa kitovu cha utawala wa sehemu kubwa ya katikati ya nchi.

Kilichoiinua ndicho kilichoishusha. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Reli ilipanda ukingo wa bonde kutoka Saranda kwenda Manyoni, ikaiacha Kilimatinde kilomita chache upande wa kusini-mashariki. Umbali huo ulikuwa mdogo kwa mtu wa miguu, lakini ulitosha kubadili hatima ya mji. Shughuli za utawala na biashara zilihamia katika vituo vya reli. Manyoni na Itigi zikakua. Mabehewa yalichukua mizigo iliyokuwa kichwani mwa wapagazi, na taaluma ya kirangozi ikakosa wa kuirithi.

Mji wa Singida wenyewe, ulioko kando ya maziwa ya chumvi ya Singidani na Kindai, haukuwa katika njia kuu ya misafara. Ulipata umuhimu wake baadaye. Katika miaka ya 1930 Waingereza walijenga tawi la reli kutoka Manyoni kupitia Singida hadi Kinyangiri. Tawi hilo liling'olewa katika miaka ya 1940, na sehemu ya Manyoni hadi Singida ikajengwa upya miongo kadhaa baadaye. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, Singida ikawa makao makuu ya mkoa. Barabara ya lami kutoka Dodoma kwenda Nzega na Mwanza, pamoja na ile ya kwenda Babati na Arusha, ziliufanya mji huo kuwa njia panda ya nchi. Kwa hiyo kitovu cha safari katika mkoa kimehama mara tatu: kutoka Kilimatinde kwenda Manyoni, na kutoka Manyoni kwenda Singida, na sasa, kwa lami ya Itigi na Chaya na kwa reli ya kisasa inayojengwa kutoka Makutupora kwenda Tabora, uzito unarudi tena kwa sehemu katika ukanda wa Mgunda Mkali.

Katika kila mhamo mji mmoja ulipata na mwingine ulipoteza. Wasomaji wanaoishi katika miji ya njiani wanalifahamu jambo hili bila kuelezwa. Muuza chakula wa stendi hutegemea basi lisimame. Barabara ikichepushwa hata kwa kilomita mbili, biashara yake hufuata barabara au hufa. Historia ya Kilimatinde ni historia ya muuza chakula huyo katika kipimo cha mji mzima.

7.0 Njia Kama Urithi

Mwaka 2006 Tanzania iliwasilisha UNESCO Njia ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe za Ndovu katika orodha ya awali ya urithi wa dunia. Vituo vilivyotajwa ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kilimatinde ni kituo pekee cha Mkoa wa Singida katika orodha hiyo. Hatua hiyo ni muhimu, kwa kuwa inautambua mji ambao reli iliuacha. Hata hivyo, utaratibu wa kuorodhesha vituo una upungufu wake. Kati ya Kilimatinde na Kwihara kuna Mgunda Mkali wote, nao hautajwi.

Tatizo hili si la Tanzania peke yake. Nchini Vietnam, mji wa kifalme wa Huế uliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1993 na mji wa bandari wa Hội An mwaka 1999. Barabara ya kale kati ya miji hiyo hupanda mlima katika pito la Hải Vân, na tangu njia ya chini ya mlima ilipofunguliwa mwaka 2005, magari mengi hayapandi tena. Wanaopanda ni wasafiri wa starehe, mara nyingi marafiki wanaokwenda kutazama bahari na milima kati ya miji miwili ya kihistoria. Pito hilo halikusahauliwa kwa sababu bado lina watu wanaolipita kwa kupenda. Kwa upande mwingine, nchi sita za Amerika Kusini zilifanikiwa mwaka 2014 kuingiza katika urithi wa dunia mtandao wa barabara za Inka, Qhapaq Ñan, kama njia na si kama miji peke yake. Mifano hii miwili inaonesha kwamba njia yaweza kuhifadhiwa, ama kwa kuendelea kupitwa au kwa kuandikwa rasmi.

Mgunda Mkali una uwezekano wa yote mawili. Lami ya Manyoni hadi Tabora inapita katika ukanda uleule wa nchi, ingawa si juu ya nyayo zilezile za misafara. Msafiri wa leo anaweza kusimama Kilimatinde, akatazama chini bondeni walikotoka wapagazi, kisha akaendelea magharibi akijua maana ya miamba anayoiona. Kinachokosekana ni maelezo. Hakuna jiwe litakalojieleza lenyewe, na jina likipotea, mwamba hubaki mwamba tu.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejadili kwamba historia ya njia ya misafara katika Singida haielezeki kwa ujasiri wa viongozi wachache. Watu walivuka Mgunda Mkali kwa sababu walijua maji yalipo, waligawana kazi na chakula, walikuwa na watani wa kuwazika, na walikubaliana na wenyeji masharti ya kupita. Pale makubaliano hayo yalipovunjwa, kama kwa Speke mwaka 1860, wapagazi waliondoka. Pale yalipokosekana kabisa, kama Vinyata mwaka 1875, watu wa pande zote mbili walikufa. Njia ilikuwa pia mahali pa mateka, ambao ushirika huo haukuwafikia, na ukweli huo ni lazima uandikwe katika kila kibao kitakachosimikwa.

Kwa msingi huo, kazi ya kwanza ya watafiti wa historia ya mkoa ni kukusanya majina: ya miamba, visima, makambi na mito, kutoka kwa wazee wa Kikimbu, Kigogo na Kinyaturu wa Manyoni, Itigi na Ikungi, kabla hayajatoweka pamoja nao. Kazi ya pili ni kukusanya simulizi za Wanyaturu kuhusu mapito ya misafara katika nchi yao, ili Vinyata isibaki na shahidi mmoja. Majengo ya Kilimatinde yanaweza kukarabatiwa mwaka wowote fedha zikipatikana. Majina na simulizi havina subira hiyo.